Mwili ni amana: Nilichojifunza kwa mama yangu wa Oldonyo Sambu

 

Ndugu msomaji, siku moja baada ya swala ya Isha, katika msikiti ninaoswali hapa Arusha mjini, nilikaa nikahesabu viti. Nakusudia vile viti vya plastiki vinavyowekwa pembeni ya safu kwa ajili ya wenye udhuru. Vilikuwa kumi na viwili. Nilipoanza kuswali hapo nikiwa mwanafunzi wa sekondari kilikuwapo kimoja tu, na mwenyewe alikuwa mzee aliyekwishavuka miaka themanini. Nikawatazama wenye viti vya sasa. Wengi ni watu wa makamo, baadhi yao rika la kaka zangu, wenye maduka na magari, na udhuru wao ni magoti yaliyochoka kuubeba mwili.

Simcheki mtu. Ruhusa ya kuswali kwa kukaa kwa asiyeweza kusimama ameitoa Mtume (s.a.w) mwenyewe alipomjibu Imran bin Huswain (r.a) aliyekuwa mgonjwa, na hadithi hiyo ipo kwa Bukhari. Mwenye udhuru atumie ruhusa yake bila kuona haya. Ninachojiuliza ni kwa nini udhuru umeongezeka kiasi hiki ndani ya miaka isiyozidi ishirini, na kwa nini sisi walimu tunaopanda mimbari hatulisemi.

Mimi pia sikulisema, mpaka lilipofika nyumbani kwangu.

Mama alipohamia mjini

Nimezaliwa Oldonyo Sambu, kama kilomita 30 kutoka Arusha mjini ukishika barabara ya Namanga. Anayepafahamu anajua kuwa ule ni upande mkavu wa Mlima Meru. Huku Tengeru na Usa River mgomba unastawi hadi mlangoni, kule kwetu upepo na vumbi ndio majirani. Baba alikuwa na duka la rejareja karibu na barabara. Mama ni Mwarusha aliyesilimu alipoolewa, na sisi watoto tulimwita "yeyo" kama wanavyoitwa kina mama wa kule. Hadi leo ndivyo tunavyomwita.

Yeyo aliamka kabla ya Alfajiri. Maji aliyafuata na punda, kwenda na kurudi, na punda mwenyewe ukimpakia madumu yote basi na wewe unatembea kwa miguu. Kuni alikata mwenyewe. Shamba la mahindi na maharage alilima mwenyewe. Siku ya mnada alikuwa kwa miguu toka asubuhi hadi Alasiri. Chakula chetu kilikuwa loshoro, ugali na maziwa ya mgando, makande, mnafu uliochumwa pembeni ya shamba, na nyama siku ikichinjwa. Samli alikula bila hofu yoyote. Sijawahi kumuona mama yangu akiwa mnene, na sijawahi kumsikia akilitaja neno mazoezi.

Sitaki msomaji afikiri naisifu shida. Maji ya upande ule yana madini ya floraidi kupita kiasi, ndiyo maana meno yetu wengi tuliokulia huko yana rangi ya kahawia. Ukame ukija, watu wanalala na njaa. Maisha yale yalikuwa magumu na yeyo aliyachoka.

Baba alipofariki mwaka 2015, nilikuwa nimeshamaliza chuo kikuu na nimepata kazi ya kufundisha Maarifa ya Uislamu. Nikamchukua mama nikamleta mjini. Nikasimama sebuleni nikamwambia, "Yeyo, umehangaika vya kutosha. Sasa wewe ni wa kukaa tu." Nikaweka dada wa kazi. Akishika ufagio, namnyang'anya. Akitaka kwenda sokoni, namwitia bodaboda. Nilikuwa najikumbusha aya zinazotuamrisha kuwatendea wema wazazi wawili, na kwa hakika niliamini kwamba kila saa anayokaa kwenye kochi ninaandikiwa thawabu.

Asubuhi alikunywa chai ya maziwa vikombe viwili, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na chapati mbili za kukaanga. Saa nne andazi. Mchana wali. Mgeni akija tunafungua soda, na mjini wageni hawaishi. Usiku wali uliobaki au ugali mkubwa, kisha tamthilia kwenye televisheni hadi usingizi. Ndani ya miaka minne akanenepa sana. Watu wa nyumbani wakija kutoka Oldonyo Sambu wanashika mikono yake wanafurahi: "Mama amependeza! Kijana anamtunza." Nami nilifurahi nao.

Ukaja wakati akawa anaamka usiku mara nne au tano kwenda kujisaidia, na jagi la maji halikai mbali naye. Tukasema ni utu uzima. Akalalamika kuwa nyayo zinachoma kama amekanyaga majivu ya moto, halafu hazichomi tena, zimekufa ganzi. Tukasema ni baridi ya Arusha. Siku moja dada wa kazi akaona damu kwenye kiatu chake cha plastiki, hizi wanazoziita yeboyebo. Ndani yake kulikuwa na kokoto yenye ncha. Alikuwa ametembea nayo siku nzima bila kuisikia.

Hospitali walimpima sukari, mashine ikasoma 19. Kipimo hicho kwa mtu mzima asiye na ugonjwa hakifiki 8 hata baada ya kula. Kidonda kilikuwa kimeingia ndani. Yeyo alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Daktari aliniuliza maswali mengi kuhusu maisha ya mama kabla na baada ya kuhamia mjini. Alikuwa mpole, hakunilaumu, na alinieleza kuwa kisukari kina sababu nyingi, ukiwamo urithi na umri, hivyo hakuna awezaye kusema kuwa kochi peke yake ndilo lililomfanya augue. Nilimshukuru. Lakini nilipotoka nje nilikaa kwenye benchi muda mrefu.

Wamasai na samli yao

Baada ya hapo nilianza kusoma, kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yangu. Nikakuta kwamba watu wa upande wetu wameshangaza watafiti kwa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1964 daktari wa Kimarekani George Mann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walichapisha utafiti wa Wamasai wa Tanganyika waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama. Kwa elimu ya wakati ule walitarajiwa wawe na lehemu nyingi kwenye damu na magonjwa ya moyo. Walikutwa na lehemu kidogo. Mwaka 1972 wakaeleza walichokiona kwenye mioyo ya Wamasai 50 waliofariki: mishipa ilikuwa na mafuta kama ya wazee wa Marekani, lakini ilikuwa imepanuka, damu inapita bila kikwazo. Wao walidhani siri ni mwendo.

Mwaka 2008 mtafiti Julia Mbalilaki na wenzake walilinganisha makundi matatu ya Watanzania, jumla watu 985: Wamasai, wakulima wa vijijini na watu wa mjini. Wakapima nishati ambayo mtu anaitumia kwa siku juu ya ile ambayo mwili unaihitaji ukiwa umelala tu. Wamasai walikuwa na wastani wa kalori 2,565. Wakulima 1,500. Watu wa mjini 891. Mtu wa mjini akitaka kumfikia Mmasai itambidi atembee karibu kilomita 20 kila siku. Hebu jiulize, mara ya mwisho ulitembea kilomita 20 lini?

Nilipousoma utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, nilihisi kama wameandika habari za mama yangu. Watafiti waliwafuatilia watu 209 waliokuwa wanahama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajahama na baada. Ndani ya mwaka mmoja tu wa kuishi mjini, wanaume na wanawake waliongezeka wastani wa kilo mbili na zaidi. Wanaume waliokuwa wanafanya kazi za nguvu walikuwa karibu 80 katika kila 100 kule kijijini. Mjini wakabaki kama 26. Tena ajabu ni kuwa matunda na mboga walikula zaidi mjini kuliko kijijini. Kilichopotea ni jasho.

Kwa nchi nzima, takwimu za afya zinaonyesha kuwa mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Kufikia mwaka 2015/16 wakawa 28. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100, wa miaka 25 hadi 64, wana kisukari. Wengi walikuwa hawajui, kama sisi tulivyokuwa hatujui.

Dini inasemaje

Waislamu tunajua sana habari ya halali na haramu kwenye chakula. Tunauliza nani amechinja, tunasoma maandishi ya kwenye kopo kutafuta mafuta ya nguruwe. Hilo ni jema. Lakini ile aya ya 31 ya Suratul A'araf inayoturuhusu kula na kunywa, papo hapo inatukataza israfu. Pilau ya nyama halali iliyochinjwa na Muislamu, ukila sahani tatu, umeingia kwenye katazo hilo. Israfu tumeifanya iwe ni kumwaga chakula tu, kumbe na kukimwagia tumboni ni israfu.

Miqdam bin Ma'dikarib (r.a) amepokea, kama walivyosimulia Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba Mtume (s.a.w) alilitaja tumbo kuwa ni chombo kibaya kabisa ambacho mwanadamu anaweza kukijaza, akaeleza kuwa matonge machache ya kuusimamisha mgongo yanatosha, na kwa asiyeweza basi agawe tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Hadithi hii wanafunzi wangu wanaijua kwa moyo. Nimeifundisha miaka mingi huku mwenyewe nikirudi nyumbani kujaza mafungu yote matatu kwa wali.

Kuna hadithi nyingine ambayo tunaitumia zaidi kuonyesha upole wa Mtume (s.a.w) kwa wake zake, nayo ni ile ya Bibi Aisha (r.a) iliyopokelewa na Abu Daud. Walikuwa safarini wakashindana mbio, Bibi Aisha akashinda. Miaka ikapita, akawa ameongezeka mwili, wakashindana tena, safari hii Mtume (s.a.w) akashinda na akamtania kuwa hiyo ni fidia ya ile ya kwanza. Tuitazame vizuri. Mume na mke wanakimbia. Mtume wa Allah, mwenye mzigo wa umma mzima, anakimbia. Mke ananenepa, na hakuna neno la kumdhalilisha linalotamkwa; badala yake anaalikwa akimbie tena. Wako waume kati yetu ambao mke akinenepa kazi yao ni kumcheka mbele ya watu na kutaja wake wa pili. Mume huyo amewahi kumwalika mkewe hata kutembea naye tu?

Kisha kuna Salman (r.a) alivyomkumbusha Abu Dardaa (r.a) kuwa mwili nao una haki juu ya mwenyewe, na Mtume (s.a.w) akamthibitishia kuwa amesema kweli. Imo kwa Bukhari.

Hapa niseme jambo ambalo huenda baadhi ya masheikh wangu wasilipende. Imezoeleka kuhutubia kwamba swala tano ni mazoezi tosha. Swala ni ibada, na manufaa yake kwa viungo ni fadhila tu. Rakaa kumi na saba za fardhi kwa mwendo tunaoswali sisi haziwezi kuzifuta chapati mbili. Yeyo hakuwahi kuacha swala hata moja tangu aliposilimu, na sukari ilifika 19. Tusiibebeshe swala jukumu ambalo haikuwekewa.

Tuanzie wapi

Anza na futi ya fundi cherehani. Izungushe kiunoni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, karibu na usawa wa kitovu, ukiwa umeshusha pumzi. Mwanaume akifika sentimita 94 na mwanamke 80, hatari imeanza. Akifika 102 na mwanamke 88, ni kubwa. Wanaume tunajidanganya na saizi ya suruali, kwa kuwa mkanda tunaufunga chini ya tumbo, kwa hiyo saizi haibadiliki miaka kumi huku tumbo linazidi kutoka nje.

Wenye mizani wanaweza pia kugawa kilo zao kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 82 anapata 30, na kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kuhesabiwa ugonjwa. Lakini huyu wa kilo 82 asikate tamaa kwa kudhani ni lazima arudi kilo alizokuwa nazo siku ya ndoa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, ulilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Walioingia kisukari walipungua kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 82 haifiki kilo 6. Ukipunguza nusu kilo kwa wiki, miezi mitatu umemaliza.

Jikoni, mimi nilianza na chupa ya mafuta. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 8,000, yaani inakaribia chakula cha siku nne cha mtu mzima. Familia ya watu watano inayomaliza lita kwa siku tatu, kila mmoja, pamoja na mtoto, anakunywa zaidi ya kalori 500 za mafuta kwa siku kabla hatujahesabu ugali. Andika tarehe kwenye chupa siku unapoifungua. Nyumbani kwetu lita ilikuwa inakaa siku tatu. Sasa inakaa siku nane, na sijasikia mtu akilalamika kuwa mchicha hauna ladha.

Soda ya chupa ina sukari zaidi ya gramu 30, vijiko vya chai saba hivi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kuwa ingefaa sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 25 kwa siku nzima. Kwa hiyo soda moja imeshavuka, na bado hujagusa chai. Kuitoa mwilini kunataka karibu nusu saa ya kutembea kwa haraka. Mgeni mpe maji, mpe parachichi, Arusha hatukukosa parachichi. Naye parachichi ana mafuta yake, nusu inatosha. Juisi nayo tusidanganyane, embe ukilisaga ukaongeza sukari linakuwa ndugu wa soda. Lile embe zima.

Ugali si adui. Adui ni mlima. Sahani yako nusu iwe mboga: mchicha, mnafu, figiri, sukuma wiki, kabichi. Robo iwe maharage, samaki, yai au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi, kama ukubwa wa ngumi yako. Kula polepole. Kwenye sinia la pamoja, ambayo ni sunna yenye baraka, ni rahisi mtu kushindana na wenzake, basi anayejijua apakue upande wake tangu mwanzo. Na chipsi mayai tunazokula kibandani saa tatu usiku tukitoka kwenye shughuli zetu, hizo nawaachia wenyewe na nafsi zenu. Mimi nimeacha, na ilikuwa kazi.

Ramadhani inahitaji makala yake yenyewe. Niseme tu kwamba mwezi wa kupunguza tumeugeuza kuwa mwezi wa kuongeza: uji wenye sukari, magimbi ya nazi, sambusa, kalmati, tambi, kisha wali baada ya Tarawehe, kisha daku tunalala juu yake. Fungua kwa tende na maji, nenda kaswali, rudi ule mlo mmoja wa kawaida. Vya kukaanga kiwe kimoja, si vitano.

Kutembea. Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa siku tano. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba kaswida. Asiyezoea aanze dakika kumi, wiki ijayo kumi na tano. Sisi wa mjini tunapanda bodaboda kutoka Ngarenaro kwenda soko la Kilombero, mahali pa kutupa jiwe, halafu jioni tunalalamika mgongo. Mwenye kupanda kifodi ashuke kituo kimoja kabla. Mwenye gari aliache Alfajiri aende msikitini kwa miguu, ambako kila hatua ina malipo yake. Na mara mbili kwa wiki miguu na mikono ifanye kazi ya nguvu: kaa kwenye kiti na usimame mara kumi bila kushika kitu, pumzika, rudia, sukuma ukuta, beba ndoo yako mwenyewe. Goti linalouma mara nyingi linataka msuli wa paja wenye nguvu kuliko linavyotaka kiti.

Na wale wanaouza chai za kupunguza mwili na vidonge vya kuyeyusha tumbo, tuwe nao makini. Nyingi zinakuharisha tu. Unapungua maji, mafuta yanabaki palepale. Tena mtu anayepungua haraka bila ya kukusudia asifurahi, akapime sukari na kifua kikuu. Najua kupungua kuna aibu yake kwetu. Miaka ya tisini na elfu mbili, mtu akikonda watu walinong'ona kuwa "ana ngoma", na wengi tukaanza kuuona unene kama cheti cha afya. Kasumba hiyo bado imo ndani yetu.

Wake zetu na barabara

Mama alipokuwa anarudi kwenye hali yake, mke wangu alinijia na ombi. Yeye na kina mama wanne wa mtaani walitaka kutembea pamoja baada ya Alfajiri, yeyo awe pamoja nao, mwendo wake mdogo mdogo. Nakiri nilisita. Nilifikiria watu watasemaje wakimuona mke wa ustaadh barabarani na raba miguuni. Kuna ndugu mmoja, namheshimu, aliniambia kuwa mwanamke mazoezi yake ni kazi za nyumbani.

Nilimuuliza kama mkewe analima, anakata kuni na kuteka maji. Akasema hapana, wana bomba, gesi na mashine ya kufulia. Basi ni kazi gani hiyo? Tumewatoa wanawake kwenye shamba na kisima, jambo ambalo ni wepesi na neema, kisha tumewafungia mlango wa kila mwendo mwingine. Suratul Qasas inatusimulia mabinti wawili wa Madyan waliotoka kunywesha wanyama kwa kuwa baba yao alikuwa mzee, wakiwa na staha yao kamili, na Nabii Musa (a.s) hakuwakemea kwa kutoka, aliwasaidia kazi. Stara ni sharti, na lipo kwenye vazi pana, kwenye kutembea kikundi, kwenye kuchagua njia na saa. Asiyeweza kutoka kabisa ana kamba ya kuruka, ana ngazi, ana sebule akisogeza meza. Lakini mume asiseme sheria imekataza wakati ni yeye aliyekataa.

Leo ni mwaka wa tatu wanatembea. Wamekuwa kumi na mmoja.

Yeyo sasa ana bustani ya mboga nyuma ya nyumba, nami nimejifunza kutomnyang'anya jembe. Uzito umeshuka kilo tisa, dawa anameza kila siku, na sukari yake haijavuka 9 tangu mwaka jana. Hatembei peku hata ndani. Kiatu chake ni cha kufunika vidole, na kila kabla hajakivaa anakigeuza na kukikung'uta.

Wenye wazazi wenye kisukari nawaomba wafanye jambo moja usiku huu huu. Udhu unatufikisha kwenye nyayo mara tano kwa siku, na kupitisha kidole kati ya vidole vya mguu ni sunna. Sisi baada ya udhu wa Magharibi yeyo ananyoosha miguu, nami nachukua kitambaa kikavu nafuta kati ya vidole vile vinane vilivyobaki, kwa kuwa unyevu ukikaa pale ngozi inachanika. Halafu nageuza unyayo kwenye taa natafuta mkwaruzo, lengelenge, mahali palipobadilika rangi. Kwa kuwa yeye hasikii maumivu, lazima macho yangu yasikie kwa niaba yake. Nikiona kitu, hata kidogo kama punje ya mtama, kesho yake asubuhi tunakwenda hospitali. Hatusubiri ijumaa wala mshahara.